Ugawaji wa Umeme katika Swichi

Kutoa ni jambo jepesi kwa mwenye kingi. Kugawa ni jambo zito hata kwa tajiri. Mtoaji huhitaji moyo tu, lakini mgawaji huhitaji moyo, kipimo na daftari. Anayetoa huulizwa ametoa nini. Anayegawa huulizwa amempa nani, amemnyima nani, na kwa sababu gani. Maneno haya twayajua katika mambo ya chakula, ardhi na urithi. Nataka kuyaeleza katika kitu ambacho wasomaji wengi hupita karibu nacho kila siku bila ya kukitazama, yaani swichi ya mtandao iliyofungwa katika kabati ukutani, yenye taa ndogo zikonyezazo usiku kucha.

Kazi yangu ni kutunza mitambo ya namna hiyo. Ni kazi isiyo na sifa. Mtandao ukienda vema hapana amkumbukaye mtunzaji. Ukisimama, jina lake hutajwa na kila kinywa. Lakini imenifunza habari za haki ambazo sikutazamia kuzipata katika nyaya, nami naziandika hapa kwa faida ya wanafunzi, maana wengi wao watakuja kuwa wagawaji wa kitu fulani.

Watu wengi wajua ya kuwa swichi hupeleka habari. Kompyuta, simu na kamera huunganishwa nayo kwa kebo, kila kimoja katika mlango wake, nayo huchukua ujumbe wa huyu ikaufikisha kwa yule. Wachache wajua ya kuwa swichi nyingi za siku hizi hupeleka umeme pia katika kebo ile ile. Simu ya mezani haihitaji waya wa pili wa kuchomeka ukutani. Kamera iliyo juu ya nguzo haihitaji kuvutiwa waya wake wa umeme. Neno na nguvu hupita njia moja. Mafundi huuita utaratibu huu umeme juu ya Etheneti.

Fikira yenyewe si ngeni. Simu za waya za zamani zilipata umeme wao kutoka katika betri za volti 48 zilizokaa katika jumba la mtambo wa simu. Ndiyo sababu taa za mji zilipozimika simu iliendelea kusema. Simu za mtandao zilipokuja, neema hiyo ilipotea, kwa kuwa kila simu ilitegemea umeme wa chumba ilimokaa. Mwaka 2003 chama cha wahandisi cha IEEE kilitoa kanuni yake ya kwanza ya kupitisha umeme katika kebo ya Etheneti, na neema ikarudi. Betri moja ya akiba katika kabati la swichi yaweza kuzihuisha simu zote za jengo wakati umeme ukatikapo. Kanuni hiyo ilipanuliwa mwaka 2009, ikapanuliwa tena mwaka 2018.

Jambo la kwanza lipendezalo katika kanuni hiyo ni adabu yake. Swichi haimwagi umeme katika kila kebo iliyochomekwa, maana kifaa kisichoumbwa kuupokea chaweza kuharibika. Kwanza hupeleka volti chache tu, zisizozidi 10 hivi, ikitafuta upande wa pili ukinzani wa omu 25,000 hivi. Ukinzani huo ndio alama ya kifaa kilicho tayari kupokea. Alama isipoonekana, swichi hupitisha habari na huzuia umeme. Alama ikionekana, aghalabu huuliza swali la pili kwa volti kati ya 15 na 20 hivi: haja yako ni kiasi gani? Kifaa hujibu kwa kiasi cha mkondo kinachovuta. Baada ya hayo ndipo umeme kamili, wa volti 44 hadi 57, hufunguliwa. Hata hapo swichi haisinzii. Kifaa kikichomolewa na mkondo ukashuka chini ya miliampea 10 hivi, swichi huufunga umeme kabla ya nusu sekunde kupita, ili atakayechomekwa baadaye asidhurike.

Kwetu mgeni ndiye apigaye hodi, na mwenyeji ndiye aitikiaye karibu. Hapa mambo yamegeuka. Mwenyeji ndiye apigaye hodi kwa mgeni, apate kujua kama atakacho kumpa chaweza kupokelewa. Laiti watu wenye nguvu wangalikuwa na desturi hiyo, misaada mingi isingalivunja migongo ya waliosaidiwa.

Majibu ya swali la pili yamepangwa kwa madaraja. Kifaa cha daraja la 1 hutengewa wati 4 mlangoni. Cha daraja la 2, wati 7. Cha daraja la 3, wati 15.4, cha daraja la 4, wati 30. Kanuni ya mwaka 2018 imefika wati 90. Liko pia daraja la sifuri, nalo ni la kifaa kisichotaja haja yake. Hicho hutengewa wati 15.4, sawasawa na cha daraja la 3, kwa kuwa swichi haiwezi kubahatisha. Kwa hiyo anyamazaye huwekewa fungu kubwa kuliko mnyenyekevu aliyesema kweli ya kuwa wati 4 zamtosha. Tena kebo nayo hula njiani. Katika wati 15.4 zitokazo mlangoni, kanuni huahidi wati 12.95 tu mwishoni mwa kebo ya mita 100; zilizobaki hugeuka joto katika waya. Mgawaji asiyehesabu kile kinacholiwa njiani hugawa asichonacho.

Mpaka hapa swichi yajitosheleza kwa akili yake. Shida huanza pale milango inapokuwa mingi kuliko nguvu. Ziko swichi za milango 24 zenye akiba ya wati 370 kwa vifaa vyote pamoja. Msomaji na afanye hesabu. Kila mlango ukipewa wati 15.4, akiba yatosha milango yote 24 na wati 0.4 hubaki. Lakini kila mlango ukitaka wati 30, milango 12 tu itashiba, na milango 12 italala njaa ingawa tundu zake ni nzima na kebo zake ni mpya. Mwenye duka aliuza milango 24, naye hakusema uongo. Mnunuzi ndiye aliyedhani ya kuwa mlango na chakula ni kitu kimoja.

Basi akiba isipotosha, nani anyimwe? Kanuni za usimamizi zilizoandikwa mwaka 2003 ziliweka daraja tatu za kipaumbele ambazo mtunzaji aweza kuupa kila mlango: ya muhimu kabisa, ya juu, na ya chini. Nguvu zikipungua, walio chini hufungiwa kwanza. Lakini daraja hizo hazijipangi zenyewe. Swichi ikitolewa katika sanduku lake, aghalabu milango yote huwa katika daraja moja, na hiyo ni ya chini. Kati ya walio sawa, swichi nyingi hufuata nambari: mlango wa kwanza hutangulia, mlango wa mwisho hungoja. Ndivyo swichi itakavyofanya mpaka mtu aiambie vingine.

Niliyaona matokeo yake katika hospitali moja niliyoitwa kutazama mtandao wake. Kabati lilikuwa na swichi moja ya milango 24 na wati 370. Mwanzoni ilihudumia simu 10 za daraja la 2 na vifaa 6 vya waifai vya daraja la 4. Simu zilitengewa wati 70, waifai wati 180, jumla wati 250. Kila kitu kilikwenda vema. Kisha zikaletwa kamera 8 za ulinzi. Zilikuwa za bei nafuu, nazo hazikutaja haja yake, yaani zilikuwa za daraja la sifuri. Kila moja ikatengewa wati 15.4, na zote pamoja wati 123.2. Jumla ikawa wati 373.2. Upungufu ulikuwa wa wati 3.2 tu, kiasi kisichofaa hata kuwasha taa nzuri ya kusomea.

Kamera zote nane zilionyesha picha siku ile ile, na aliyezifunga akaenda zake kwa amani. Hapana aliyeona ya kuwa, kamera ya nane ilipochomekwa, mlango wa 24 ulizimika. Katika mlango huo ilikuwako simu ya wodi ya wazazi. Haikuwekwa hapo kwa dharau. Kebo yake iliingia kabatini kutoka upande wa pili wa jengo, ikachomekwa katika tundu lililokuwa karibu nayo, la mwisho katika safu.

Usiku mkunga wa zamu alimpata mama aliyehitaji daktari upesi. Aliinua simu, ikawa kimya. Simu ya mkononi alikuwa nayo, lakini chumba cha upasuaji kilipatikana kwa nambari ya ndani peke yake, na nambari ya ndani yataka simu ya ndani. Alimtuma mhudumu akimbie uwanja mzima wa hospitali gizani. Daktari alifika, na mama akajifungua salama. Nashukuru kwa hilo, lakini salama ile ilitoka katika miguu ya mhudumu, haikutoka katika mtambo. Na wakati mhudumu alipokuwa akikimbia, kamera ya maegesho ya magari ilikuwa ikimtazama, imeshiba wati zake 15.4, nusu yake na zaidi haina matumizi.

Asubuhi nilipoitwa niliambiwa ya kuwa mtambo ndio uliozima simu. Neno hili nalisikia mara nyingi, nami silikubali. Mtambo haukupima mama na gari ukaona ya kuwa gari ni bora. Mtambo ulikuta watu hawakusema lolote, ukatumia nambari zilizoandikwa katika bati lake. Uamuzi ulikosekana, na mahali pa uamuzi hapakai patupu. Lolote lililo karibu huingia na kukaa hapo. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Katika kabati lile hata nguvu haikuwa sababu. Aliyepishwa ni mwenye nambari ndogo.

Tiba ya upungufu ilikuwa nyepesi. Kibandiko cha kiwanda kilichokuwa juu ya kila kamera kilionyesha ya kuwa haitumii zaidi ya wati 6. Swichi huruhusu mtunzaji kuuwekea mlango mpaka, nami nikaiwekea kila kamera mpaka wa wati 8, ipate haja yake na kile kiliwacho na kebo. Kamera nane zikawa na wati 64, jumla ya wote wati 314, na akiba ya wati 56 ikabaki. Kijana mmoja msaidizi aliniuliza kwa nini tusiiamuru swichi ihesabu matumizi yenyewe badala ya madaraja, maana simu nyingi zilikuwa zikitumia kama wati 3 tu kati ya 7 zilizotengewa. Swali lake lilikuwa la akili, na ziko swichi ziwezazo kufanya hivyo. Nilimjibu ya kuwa tulikuwa tukitazama matumizi ya saa nne za asubuhi. Kamera huwasha taa zake zisizoonekana kwa macho wakati wa giza, na haja yake hupanda saa ile ile ambayo wodi ina watu wachache. Ahesabuye kwa mchana peke yake hugawa usiku wa watu wengine.

Lakini wati 56 si kinga ya milele. Kesho kitaletwa kifaa kingine, au betri ya akiba itadhoofika, au chanzo cha umeme cha swichi kitaharibika. Kwa hiyo kazi iliyobaki ilikuwa kupanga kipaumbele, nayo ndiyo iliyokuwa ngumu. Ningaliweza kuipanga peke yangu kwa dakika kumi. Nilikataa, kwa sababu fundi ajua wati za kila kifaa, hajui uzito wa kila chumba. Niliomba kukaa na metroni, daktari wa zamu, mlinzi mkuu na watu wa ofisi.

Kila mmoja alitaka mlango wake uwe katika daraja ya muhimu kabisa. Niliwaeleza ya kuwa wote wakiwekwa juu, itakuwa sawa na wote kuwekwa chini. Nambari zitarudi kutawala. Mlinzi mkuu alisema, "Fundi, wagonjwa wa usiku huingia kwa lango langu. Nisipowaona, hiyo simu ya wodini itaita kwa ajili ya nani?" Neno lake lilikuwa na haki. Metroni, mama wa makamo aliyenyamaza muda mrefu, alijibu, "Mwanangu, kamera ikizimika, asubuhi tutajua kilichoibwa. Simu ikizimika, asubuhi tutajua aliyekufa." Baada ya hapo majadiliano yalikuwa mafupi. Mkuu mmoja wa ofisi alikuwa bado ameng'ang'ania waifai ya chumba chake. Nilimwuliza kwa heshima, "Mzee, waifai yako ikizimika saa tisa za usiku, nani atadhurika?" Alicheka, akaiachilia.

Tulikubaliana hivi. Simu tatu, za wodi ya wazazi, chumba cha upasuaji na mapokezi ya dharura, ziliwekwa katika daraja ya muhimu kabisa. Simu nyingine zote, waifai mbili za wodini na kamera ya lango ziliwekwa katika daraja ya juu. Zilizobaki ziliwekwa chini, na wenyewe wakajua ya kuwa wako chini na sababu yake. Jambo hili la kujua naliona kubwa. Mtu aliyeambiwa mapema ya kuwa zamu yake ya kunyimwa ni ya kwanza huweza kujitayarisha; mtu anayegundua gizani hana la kufanya ila kukimbia.

Wahenga pia walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Umeme wa swichi ni mali ya namna hiyo. Tuliandika karatasi moja: nambari ya mlango, kifaa, chumba, daraja yake, wati zilizotengwa, na jina la ofisi iliyoomba. Karatasi ilibandikwa ndani ya mlango wa kabati, na sharti likawekwa ya kuwa hapana kifaa kipya kitakachochomekwa kabla ya jumla kuhesabiwa upya. Karatasi hiyo ilizuia ubishi mwingi kuliko amri yoyote niliyoiandika katika swichi.

Liko jambo la mwisho ambalo mtunzaji hana budi kulichunga, nalo ni uwezo wake mwenyewe. Kamera iliyoganda juu ya nguzo yaweza kuzimwa na kuwashwa tena kutoka mezani pangu bila ya mtu kupanda ngazi, na mara nyingi kuzimwa huko huiponya. Huo ni msaada mwema. Lakini kidole kile kile chaweza kuinyamazisha simu ya mtu aliye mbali, bila ya mtu huyo kujua ni nani wala kwa nini. Kwa sababu hiyo nimejiwekea desturi ya kutofunga mlango wowote kabla ya kumwarifu mwenyewe, na kuandika saa na sababu. Swichi, ambayo haina moyo, hupiga hodi kabla ya kutoa. Mtu mwenye moyo haifai ashindwe kupiga hodi kabla ya kunyima.

Msomaji aweza kuniambia ya kuwa nimeipa swichi uzito usio wake. Yamkini. Lakini atazame mahali alipo. Vitanda vya bweni hugawiwa kwa orodha, vitabu vya maktaba kwa zamu, dawa kwa foleni, maji kwa ratiba. Katika kila orodha kuna mlango wa 24, na aliye hapo aghalabu hakuuchagua. Anayeshika orodha asiseme ya kuwa orodha ndiyo iliyoamua. Na aketi mchana pamoja na watu inaowahusu, aulize nani atadhurika zaidi kikipungua, aandike majibu mahali panapoonekana, kisha ayapitie tena kila mara kinapoongezeka kifaa kimoja. Kazi hiyo haimalizi upungufu, lakini upungufu ukija utamkuta kila mtu anajua mahali pake, na simu ya wodini itaita.